Kihami Joto Juu ya Dari: Namna ya Kukichagua na Kukifunga kwa Usalama

Nyumba nyingi za mwambao wetu zimeezekwa kwa bati, na anayelala chini ya bati hahitaji kuelezwa hali ya saa nane mchana mwezi wa Februari. Bati lililopigwa na jua la utosi laweza kupita nyuzi joto 60, ilhali mwili wa mtu mwenye afya una nyuzi 37. Ndiyo sababu maduka ya vifaa vya ujenzi huuza karatasi za alumini, mabunda ya pamba ya kioo na mbao nyeupe za povu, na kila muuzaji husifu yake. Sehemu hii ya kijitabu imeandikwa kwa ajili ya mnunuzi anayesimama mbele ya muuzaji huyo akiwa na fedha kidogo na maswali mengi.

Tungependa jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Kihami joto ni bidhaa isiyoonekana baada ya kufungwa. Mlango uliopinda utaujua siku ya kwanza, na rangi iliyochakachuliwa utaiona ikibabuka. Kihami kilicho chembamba kuliko ulicholipia, au kinachoshika moto upesi, hukaa juu ya vitanda vya watoto miaka mingi bila mtu kufahamu. Kwa hiyo ukaguzi wenye maana ni ule unaofanyika kabla dari haijafungwa.

Joto linaingiaje?

Mtu aliyekaa karibu na jiko la mkaa huungua uso hata kama upepo wa baridi unapita kati yake na jiko. Akikinga sinia mbele ya uso, nafuu huja papo hapo. Joto hilo halikuja kwa njia ya hewa; lilikuja kwa mnururisho, kama lijavyo joto la jua. Bati la moto hufanya vivyo hivyo kwa dari iliyo chini yake. Hewa ya moto hupenda kubaki juu, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana, kwa hiyo mchana sehemu kubwa ya joto linaloteremka kutoka kwenye bati hadi darini huteremka kwa mnururisho. Dari ikishapata moto nayo huwanururishia walio chumbani, hata usiku jua likiwa limekwisha kuzama.

Hapa ndipo karatasi ya alumini inapopata kazi yake. Alumini safi inayong'aa hunururisha takriban sehemu 5 tu katika 100 ya joto ambalo kitu cheusi chenye ujoto huohuo kingenururisha, ambapo bati lililopakwa rangi au lililopata kutu hufikia sehemu 90 hivi. Lakini karatasi hiyo haifanyi kazi bila nafasi ya hewa mbele ya uso wake unaong'aa. Sentimita mbili na nusu ni kiasi cha chini cha kuridhisha. Fundi akiigandamiza kwenye bati pande zote, joto litapita ndani yake kana kwamba haipo, maana alumini ni miongoni mwa metali zinazopitisha joto vizuri kabisa. Uso unaong'aa na uelekezwe chini, kwenye uwazi ulio juu ya dari. Ukielekezwa juu utajaa vumbi, na alumini yenye vumbi hupoteza sifa yake.

Pamba ya kioo, pamba ya mawe na mbao za povu hufanya kazi kwa njia nyingine. Hivi hufungia hewa katika vijishimo vidogo visivyohesabika ili isizunguke, na hewa iliyofungiwa ndiyo inayohami. Uwezo wake hupimwa kwa namba ya ukinzani wa joto, ambayo mnunuzi aweza kuikokotoa mwenyewe: chukua unene kwa mita, ugawanye kwa namba ya upitishaji iliyochapwa kwenye bidhaa. Ubao wa povu la polistirini wenye unene wa milimita 50 na upitishaji wa 0.035 hutoa ukinzani wa 1.4 hivi. Ubao wa jipsamu wa milimita 9, ambao wengi hudhani kuwa wenyewe unatosha kuzuia joto, hutoa takriban 0.045. Jipsamu hupendezesha chumba na husaidia dhidi ya moto, lakini kwa joto la bati pekee yake haina msaada mkubwa. Bidhaa isiyoonyesha popote unene wake wala namba yake ya upitishaji, hata ikiwa na picha nzuri ya nyumba kwenye mfuko, tunashauri iachwe dukani.

Msomaji wa Unguja au Lamu aweza kuuliza mbona nyumba za kale za mawe zina ubaridi pasipo lolote kati ya haya. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hazihami joto kwa maana tunayoizungumzia hapa, huchelewesha joto. Hulimeza mchana na kulitoa usiku, wakati madirisha yako wazi na upepo wa bahari unapita. Makuti nayo huhami vizuri sana kwa sababu ya hewa iliyo kati ya majani, ila kwa moto yanajulikana. Nyumba ya tofali za inchi sita na bati haina sifa ya hizo mbili.

Kabla hujanunua chochote

Yapo mambo ya bei nafuu yanayotangulia. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha angani sehemu kubwa ya jua ambalo bati jekundu au la kijani kibichi hulimeza. Matundu ya hewa chini ya mapao na karibu na kilele cha paa huruhusu hewa ya moto itoke, mradi yawekewe wavu wenye matundu madogo, kwa kuwa upenyo ulio wazi kati ya ukuta na paa ni njia kuu ya mbu, na popo wakishaingia kuwatoa ni kazi. Baraza na mti vinavyokinga ukuta wa magharibi navyo vina faida isiyohitaji risiti. Ikiwa fedha ni za jambo moja tu mwaka huu, tungeanza na rangi na matundu ya hewa, kihami kitasubiri.

Jambo la pili ni kujua kilichoko juu tayari. Majengo ya zamani, hasa baadhi ya shule, ofisi na nyumba za watumishi, yana vigae au dari za asbesto. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Ukishuku kwamba ulicho nacho ni asbesto, usikate, usitoboe, usifagie vumbi lake wala kumruhusu fundi apande na msumeno. Tafuta ushauri wa wahusika wa mazingira wa halmashauri yako kwanza. Tunaongeza, kwa kuwa tunaulizwa mara kwa mara, kwamba pamba ya kioo si asbesto. Huwasha ngozi na kukereketa koo, lakini Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliichunguza upya mwaka 2001 na kuiondoa katika kundi la vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani kwa binadamu.

Moto

Pamba ya kioo na pamba ya mawe zenyewe haziwaki. Ya mawe hustahimili hata nyuzi joto 1,000. Kinachoweza kushika moto ni karatasi au plastiki iliyobandikwa juu yake, kwa hiyo uliza kuhusu bidhaa nzima kama inavyouzwa. Povu ni habari nyingine. Polistirini hulegea ikikaribia nyuzi joto 100, huyeyuka, hudondosha matone yanayowaka na kutoa moshi mweusi mzito. Povu la poliyurethani likiungua hutoa gesi ya sianidi pamoja na kaboni monoksidi, na katika moto wa nyumba moshi huua wengi kabla ndimi za moto hazijawafikia.

Hatusemi povu lisitumike kamwe. Tunasema lisibaki wazi ndani ya nyumba. Kati ya povu na chumba pawepo dari ya jipsamu au lipu isiyo na mianya, na povu lenyewe liwe lile lililotengenezwa kwa ajili ya majengo, lenye dawa ya kupunguza kasi ya moto. Tunakataza kabisa matumizi ya vipande vya povu linalofungia majokofu na televisheni ndani ya maboksi. Vipande hivyo hukusanywa na kuuzwa kwa bei ya kuvutia, na kwa macho havitofautiani na bidhaa halali, lakini kwa kawaida havina dawa hiyo.

Wapo wauzaji ambao huwasha kiberiti mbele ya mteja, povu likajikunja na kuzimika, nao wakasema halishiki moto. Jaribio hilo lisikushawishi. Povu lenye dawa hukimbia mwali mdogo wa kiberiti, lakini moto mkubwa wa chumba hulishinda. Tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower jijini London liliungua na watu 72 wakafariki. Paneli za nje zilizokuwa na plastiki ndani yake ndizo zilizosambaza moto, na vihami vya povu vilivyokuwa nyuma yake vilichangia. Uchunguzi wa umma uliotoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2024 ulibainisha kwamba watengenezaji wa bidhaa hizo walikuwa wamelipotosha soko kuhusu majaribio ya moto. Funzo kwa mnunuzi wa hapa ni la kawaida kabisa: cheti cha jaribio huhusu bidhaa fulani, yenye unene fulani, iliyofungwa kwa namna fulani. Ukioneshwa cheti, soma kilijaribu kitu gani. Alama ya TBS ikiwepo ni dalili njema, nayo pia ilinganishwe na jina la bidhaa uliyoishika mkononi.

Umeme

Hii ndiyo sehemu tunayotaka isomwe hata na asiyesoma nyingine.

Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianzisha mpango wa kugharamia vihami joto katika madari ya nyumba za watu. Kazi ilikuwa nyingi, kampuni zikaibuka haraka, na vijana wasio na mafunzo wakapandishwa darini. Wanne walikufa kabla mpango haujasimamishwa Februari 2010. Watatu walipigwa na umeme. Wawili kati yao walikuwa wakifunga karatasi ya alumini. Wa nne aliuawa na joto la darini lenyewe.

Namna ajali ya alumini inavyotokea si ngumu kuielewa. Karatasi hutandazwa juu ya mbao za dari na kubanwa kwa pini za chuma. Pini moja hutoboa waya uliojificha chini, na mara hiyo karatasi nzima, mita kwa mita, hugeuka kuwa waya ulio wazi. Anayeigusa huku amepiga goti juu ya chuma au bati hana nafasi ya kujifunza kosa lake. Hatari hiyo haiondoki fundi akishashuka: karatasi ikiachwa na umeme, itamngoja atakayepanda miezi sita baadaye kutafuta mahali paa linapovuja.

Kwa sababu hiyo hatupendekezi kutandaza alumini juu ya dari yenye nyaya. Mahali pake ni juu zaidi, kufuata mteremko wa paa, chini ya papi, mbali na nyaya. Popote inapofungwa, umeme wa nyumba nzima uzimwe kwenye swichi kuu, na fundi ahakikishe kwa kipimo kwamba umezimika. Kuishiwa uniti za LUKU si kuzima umeme, kwani yeyote aliye sebuleni aweza kuingiza tokeni akitaka kuwasha feni. Pia ikumbukwe kwamba waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita hubaki na umeme hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Pale unapopita juu ya paa au ndani ya mapao pasiguswe.

Nyaya zenyewe zina madai yao kwa kihami. Waya unaobeba umeme hupata joto, na kwa kawaida joto hilo hutoka hewani. Ukiufunika kwa pamba au povu, joto linakosa njia. Kanuni za nyaya za Uingereza huelekeza kwamba waya uliozungukwa pande zote na kihami kwa nusu mita au zaidi uhesabiwe kuwa na nusu tu ya uwezo wake wa kawaida. Waya wa pasi, wa hita ya maji au wa kiyoyozi ambao haukusumbua kwa miaka kumi waweza kuanza kuungua taratibu mwaka ule ulioweka kihami. Nyaya zipandishwe juu ya kihami, au pawe na fundi umeme wa kuzipima upya. Kwa Tanzania Bara, mwombe fundi huyo akuoneshe leseni yake ya EWURA.

Polistirini ina ubaya mwingine ambao hata mafundi wazoefu huwa hawaujui. Ikigusana na ganda la plastiki laini la waya, huvuta mafuta yanayolifanya ganda hilo liwe laini. Baada ya miaka ganda hukauka na kupasuka, na shaba hubaki uchi. Kwa hiyo waya usilazwe juu ya povu hata kama inaonekana pamepangika vizuri. Upitishwe ndani ya bomba gumu la plastiki.

Taa ndogo zinazozamishwa ndani ya dari hutoa joto upande wa juu, usioonekana. Usiruhusu kihami kizifunike, wala kisifunike vile visanduku vidogo vya umeme vinavyoziendesha. Acha uwazi kuzunguka kila taa kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Taa isiyo na maandishi yoyote isizungushiwe kihami.

Wanaopanda juu

Mwenye nyumba aliyemwajiri fundi ana wajibu wa kibinadamu juu yake, hata kama mkataba ni wa mdomo. Kazi ya darini kwenye joto la pwani ianze alfajiri na isimame saa nne asubuhi. Pasiwe na mtu peke yake huko juu, na aliye chini amwite aliye juu kila baada ya dakika chache na kumpa maji. Mtu anayeanza kuongea ovyo, kupepesuka, au kuacha kutoka jasho ashushwe mara moja, amwagiwe maji na kupelekwa hospitali. Akanyage kenchi tu, si ubao wa dari. Anayeshika pamba ya kioo avae mikono mirefu, barakoa na miwani, na nguo hizo zisifuliwe pamoja na za watoto.

Nyanda za juu

Kwa wakazi wa Njombe, Makete au Lushoto, kihami hutafutwa kwa sababu iliyo kinyume: kuzuia joto la ndani lisitoke mwezi wa Julai. Kanuni za moto na umeme ni zilezile. Mvuke wa ndani ukipanda hadi kwenye bati baridi hugeuka maji, na asubuhi hudondoka kana kwamba paa linavuja. Mwenye nyumba hubadilisha misumari bure. Dawa yake ni kuziba mianya ya dari na kuacha hewa ipite kati ya kihami na bati.

Lakini nyumba iliyozibwa vizuri humgeuka anayeota moto wa mkaa ndani ya chumba. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Zamani ilitoka kupitia mianya ileile iliyokuleteeni baridi. Ukiishaziba mianya, jiko la mkaa lisilale tena chumbani, hata likiwa limefifia na kufunikwa majivu.

Siku ya kununua na siku ya kulipa

Nenda dukani na futi. Unene upimwe mbele ya muuzaji katika sehemu tatu. Ubao wa povu wa mita 1 kwa mita 2 wenye milimita 50 una ujazo wa mita za ujazo 0.1; kama muuzaji anadai uzani wa kilo 15 kwa mita ya ujazo, ubao huo mmoja uwe na kilo 1.5 kwenye mizani ya kawaida ya duka. Ukipungua sana, umeuziwa hewa zaidi ya uliyoilipia. Pamba ya kioo hushindiliwa ili isafirishwe kirahisi, kwa hiyo bunda lifunguliwe na kuachwa litutumke kabla ya kupimwa. Fundi anayeibana pamba ya milimita 100 katika nafasi ya milimita 50 amekunyang'anya karibu nusu ya ukinzani ulionunua.

Dai risiti ya EFD inayotaja jina la bidhaa, unene na idadi; risiti iliyoandikwa "vifaa" tu haitakusaidia ukileta malalamiko. Makubaliano na fundi yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, yakitaja aina ya kihami, mahali kitakapofungwa na nani atakayeshughulikia nyaya.

Malipo ya mwisho yazuiwe hadi umepanda ngazi ukiwa na tochi, au umempeleka unayemwamini. Tazama pembezoni mwa kuta, ambako kazi ya haraka huacha mapengo. Tazama taa moja baada ya nyingine. Fuatisha waya mkubwa kutoka mwanzo hadi mwisho uone kama umezikwa mahali. Piga picha za kila chumba, ziwe na tarehe, uzihifadhi pamoja na risiti. Kisha mwambie fundi afunge dari, akiacha mlango mmoja mdogo wa kupandia ambao mtu mzima anaweza kupita.